Chennai ni Mwendo wa Saa Nne

Chana la ndizi lilikuwa limebaki moja dukani, na mikono iliyolishika ilikuwa miwili.

Mkono mmoja ulikuwa wa Marietha, msusi wa nywele kutoka Bukoba, aliyetoka kanisani moja kwa moja. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililombana kiunoni na kufunguka miguuni, na kichwani alikuwa amesuka twende kilioni nyembamba kama uzi. Mkono wa pili ulikuwa mpana, wa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Harufu yake ya sabuni ilishindana na harufu ya dagaa na unga wa muhogo mle ndani. Ilikuwa Jumapili alasiri mtaani Naif, Deira, katika mji wa Dubai, na duka la Idd, Mzanzibari aliyeuza vyakula vya Afrika, lilijaa watu wa kila lafudhi waliokuja kutafuta ladha ya kwao.

"Samahani kaka, hili nimelitangulia," Marietha alisema.

"Umelitangulia kwa macho ama kwa mkono?"

"Kwa macho. Nimeliona tangu mlangoni."

"Basi mimi nililiona tangu Jebel Ali."

Idd alicheka nyuma ya mizani yake. "Mwachie bwana. Mtu wa Bukoba ukimnyima ndizi umemnyima usingizi."

"Kwani unajua kuzipika?" Marietha alimuuliza yule kijana, mkono bado uko kwenye ndizi.

"Sijui hata kuzimenya."

"Hujui kuzimenya, na unazigombania?"

"Mwanzo niligombania ndizi," alisema, akaliachia chana taratibu. "Sai nagombania mwenye kuzipika."

Marietha alijitahidi asicheke, akashindwa. Kijana aliitwa Isaiah, Mtaita mzaliwa wa Voi, Kenya, dereva wa foklifti katika ghala moja huko bandarini Jebel Ali. Alimbebea mfuko mpaka mlangoni pa nyumba aliyopanga na wasichana wenzake, na alipofika hakuomba kuingia. Aliomba namba ya simu na sahani moja ya ndizi siku atakayopenda mwenyewe.

Siku yenyewe haikukawia.

Jebel Ali na Deira ni ncha mbili za mji, na treni ya mstari mwekundu ndiyo iliyowaunganisha. Kila Jumapili Isaiah alishuka stesheni ya Union akiwa amenyoa, na Marietha alimsubiri kwenye ngazi akijifanya anaangalia simu. Katikati ya juma waliishi kwa sauti.

"Umekula, Mtaita wangu?"

"Nimekula dengu. Hii kampuni inadhani sisi ni njiwa."

"Na jana?"

"Jana dengu na wali. Mari, nikikuoa, dengu isiingie nyumbani kwangu. Iandikwe hata mlangoni."

"Nani kakwambia unanioa?"

"Si uliniachia kubeba ndizi? Kwetu hiyo ni barua ya posa."

Alikuwa na maneno, lakini hakuwa mtu wa maneno matupu. Kabla ya mwaka kuisha walikuwa wamekubaliana wafunge ndoa Desemba ya mwaka uliofuata. Marietha alianza kuangalia magauni meupe kwenye simu wakati wateja wake wakingoja hina zikauke. Mwajiri wake, Madam Arwa, mama wa makamo ambaye wazee wake walihamia Uarabuni kutoka Unguja, alimkamata mara mbili akiangalia. Hakumkemea. Alimwambia tu, "Hilo la pili, mwanangu. La kwanza litakufanya uonekane chandarua."

Mwezi wa tano Isaiah alishuka Union bila kunyoa.

Walikaa kwenye benchi nje ya stesheni, upande wenye kivuli. Marietha alikuwa amemletea ndizi kwenye bakuli lenye mfuniko, lakini Isaiah hakulifungua. Alimweleza kuhusu Doris, dada yake mdogo, mwalimu wa shule ya msingi kule Voi, ambaye Marietha alimjua kwa sauti tu, sauti ya ucheko iliyomwita "wifi" hata kabla ya posa. Figo za Doris zilikuwa zimekufa zote mbili, na moyo nao ulikuwa na shida yake. Madaktari wake walimshauri aende kupandikizwa figo Chennai, India.

"Nimepimwa," Isaiah alisema. "Yangu inamfaa."

"Umepimwa lini?"

"Nilipoomba ile ruhusa ya siku mbili."

"Uliniambia una mafua."

"Nilijua utaogopa."

"Kwa hiyo umeshaamua," alisema Marietha. "Mimi nimekuja kupewa taarifa."

"Mari, ni dada yangu."

"Na mimi ni nani?"

Isaiah hakukasirika, na hilo lilimuuma zaidi. Alitoa simu, akamwonyesha ramani yenye mstari mwembamba uliopinda juu ya bahari kutoka Dubai hadi kusini mwa India. "Nimeangalia. Ni kama kilomita elfu mbili mia tisa hivi. Ndege inaenda moja kwa moja, kwa saa nne imefika. Mama hawezi kusafiri na shinikizo lake la damu. Mimi na Doris tutalazwa pamoja, na hakuna mtu wa kutuuliza tumeamkaje. Nakuomba uje. Wiki mbili tu. Ongea na madam wako."

Marietha alitazama ule mstari. Baba yake mwenyewe aliingia chumba cha upasuaji kwa ngiri, kitu kidogo walivyoambiwa, akatoka amefunikwa shuka. Lakini hakumwambia Isaiah habari za baba yake. Alisema, "Nitaongea naye."

Hakuongea naye. Siku tatu alipita mbele ya Madam Arwa na sinia la vitana, akiwa na maneno mdomoni, na siku tatu akayameza. Na kadiri alivyoyameza ndivyo wazo lingine lilivyozidi kumkaa kichwani: Isaiah akikosa mtu wa kumwuguza, ataahirisha. Na akiahirisha, huenda akatokea ndugu mwingine mwenye figo ya kufaa.

Siku ya nne simu ilipoita, uongo ulitoka wenyewe, laini, kama vile ulikuwa ukingoja tu aufungulie mlango.

"Madam amekataa," alisema. "Na pasipoti yangu anayo yeye. Amesema nikiondoka nisirudi."

Ni uongo usiohitaji shahidi katika mji ule. Kila mtu alimjua msichana aliyefungiwa pasipoti na kafeel wake, mwajiri aliyemdhamini. Marietha mwenyewe aliwahi kumfariji mmoja, aliyelia magotini pake hadi khanga ikalowa. Sasa alikuwa amechukua machozi ya yule msichana na kuyafanya yake. Pasipoti yake ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda, chini ya sweta la Bukoba ambalo Dubai halina kazi.

Isaiah akasema, "Pole, Mari. Pole sana. Usigombane naye, usije ukapoteza kazi. Sisi tutajipanga."

Alimpa pole yeye. Marietha alikata simu akakaa sakafuni.

Isaiah hakuahirisha. Aliondoka na begi moja, akamwachia ujumbe wa sauti akiwa mlangoni pa ndege, akimtania kwamba mhudumu amempa chakula na humo ndani mna dengu. Siku ya upasuaji Marietha alisuka wateja bila kuinua kichwa, simu imewekwa mapajani. Ilipofika jioni Isaiah alimtumia maneno mawili: *Tuko hai.* Marietha alikwenda chooni kulia. Kilio chenyewe kilikuwa cha shukrani, na cha kitu kingine ambacho hakutaka kukiita kwa jina.

Jumapili iliyofuata wasichana wa saluni walikwenda Hatta, kule milimani, kupiga makasia kwenye maji ya bwawa. Walimvuta naye akaenda, kwa kuwa chumbani alishindwa kukaa. Wenzake walipiga picha, wakarushiana maji, na upepo wa milimani ukawapeperusha mitandio. Simu ikaita.

"Mari." Sauti ya Isaiah ilikuwa nyembamba, kama imepita kwenye kitambaa. "Uko wapi? Nasikia kelele."

"Kazini," alisema, akiwapa wenzake kisogo. "Madam ametuleta hata Jumapili."

"Hata Jumapili? Huyo mama hana huruma." Akakohoa, akanyamaza kidogo maumivu yapite. "Kidonda kimeshika homa. Si mbaya. Ila nesi hapa anaongea Kitamil, mimi Kiswahili, tunaonyeshana kwa vidole. Nilitaka tu kusikia mtu akiniita Mtaita."

"Mtaita wangu," Marietha alisema, na maji ya bwawa yakaanza kucheza mbele ya macho yake.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Madam Arwa alimwita chumba cha nyuma. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, buibui lake jeusi limekunjwa magotini, macho mekundu.

"Funga mlango," alisema. "Nimepigiwa simu kutoka India."

Marietha aliufunga mlango, akabaki ameshika kitasa.

"Kijana mmoja. Kasema wewe uliwahi kumpigia kwa simu ya saluni, ndipo alipoipata namba. Mgonjwa yule, Marietha. Anahema katikati ya neno. Kaniita mama. Kanibembeleza nikupe pasipoti yako, siku tano tu. Akasema yuko radhi aje anifanyie kazi yoyote akipona, abebe, asafishe, mradi nisikufukuze." Madam Arwa alivuta pumzi. "Hebu nambie, mwanangu. Mie pasipoti yako nimeifungia wapi? Nionyeshe mahali, nami nikaitazame."

"Hukuifungia, madam."

"Ruhusa uliniomba lini nikakunyima?"

"Sikuomba."

"Miaka minne umekaa kwangu. Ulipofiwa na bibi yako nani alikukatia tiketi?"

"Wewe, madam."

"Basi kwa nini mimi? Uongo wote uliojaa duniani, ukachagua kunichafua mie?"

Marietha aliachia kitasa cha mlango. Alisema, "Niliogopa angekufa." Kisha, kwa kuwa hata hilo lilikuwa nusu ya ukweli, akaongeza, "Nilidhani akikosa mtu atarudi nyuma."

Madam Arwa alijifuta macho kwa ncha ya buibui. "Mie nilimwambia ukweli," alisema. "Nilimwambia sijaombwa chochote. Sikujua kama namwua. Akasema ahsante mama, akakata." Alisimama, akanyoosha buibui lake. "Visa ya India wanaomba mtandaoni siku hizi. Omba. Likizo nimekupa. Na usinishukuru, kwa sababu ungeiomba tangu mwanzo ningekupa vilevile. Hilo ukalifikirie njiani."

Alipompigia Isaiah, simu iliita mpaka karibu ikatike.

"Niko hapa," alisema.

"Isaiah, nisikilize..."

"Jana nilisema huyo mama hana huruma. Nikamsengenya, Mari. Leo nimempigia nikamkuta ni mzazi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hii ndege ni saa nne. Basi la kutoka Voi kwenda Nairobi linachukua zaidi. Nilikuwa nikilala hapa najiambia, Mari si mbali, ni vile tu amefungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu. Sasa nijiambie nini?"

"Nakuja. Naomba visa leo."

"Usinipigie kwa sasa," alisema. "Nina homa. Nikiwa na homa naweza kusema kitu nikashindwa kukirudisha."

Siku za kungoja visa hakupiga. Alifanya kazi, alikula akilazimishwa, na usingizi ukamjia kwa vipande.

Alipoketi hatimaye kwenye kiti cha dirishani, rubani alitangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea kwamba safari ni kilomita karibu elfu tatu, muda wa saa nne, hali ya hewa nzuri. Dubai ikazama nyuma, kahawia na vioo, kisha ikawa bahari tupu. Marietha alikumbuka basi la kutoka Bukoba kwenda Dar es Salaam, mchana na usiku na mchana mwingine, magoti kooni, vumbi kwenye meno. Alilipanda bila kunung'unika kwenda tu kumpokea binamu yake uwanja wa ndege. Hapa aliletewa chakula. Alikila nusu. Jirani yake alitazama filamu, na filamu haijaisha, masikio yakaanza kuziba na ndege ikaanza kushuka.

Ndipo alipojikamata akiomba ichelewe. Alitamani rubani aseme wanazunguka, wanasubiri, wamerudishwa, chochote ambacho kingeifanya Chennai iwe mbali. Ingekuwa mbali, hata kosa lake lingekuwa dogo. Magurudumu yakagusa chini, abiria wakasimama kuchukua mizigo, naye akabaki ameinamia mkanda wa kiti, asiufungue. Mwanamke wa Kihindi wa kiti cha nyuma, mwenye kishada cha asumini kwenye msuko wake, alijiinamisha akamfungulia bila kuuliza.

Isaiah alikuwa ameruhusiwa kutoka wodini siku hiyohiyo, homa imeshuka. Alikuwa kwenye nyumba ya wageni nyuma ya hospitali, mahali palipojaa wagonjwa wa kutoka Afrika na ndugu zao. Marietha alimkuta amekaa kitandani amevaa fulana iliyokuwa ikimjaa zamani. Sasa ilimning'inia mabegani. Alimtazama mlangoni bila kushtuka.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Safari ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa fupi," Marietha alisema.

Alitaka apige magoti, aseme yote. Isaiah aliinua kiganja. "Ngoja. Kitu kimoja kwanza. Doris hajui. Nilimwambia kafeel wako amekatalia pasipoti, na sijambadilishia hiyo habari. Ametoka mlangoni pa kifo, sikutaka arudi amebeba chuki. Kwa hiyo ukimwona, nyamaza tu."

Kuanzia hapo alifanya kazi. Alifua, aliosha vyombo, aliupika uji wa semolina mpaka ukakaribia kuwa ugali, alijifunza neno la Kitamil la maji na la maumivu. Asubuhi alimshika Isaiah mkono wakatembea ukumbini, hatua za kizee, mkono wake mwingine ukiwa umebonyeza ubavu. Na kila alipompa kikombe, au dawa, au taulo, Isaiah alimwambia, "Asante, dada."

Dada. Hakulisema kwa kejeli, na ndiyo maana lilimchoma. Alilisema kama mtu anavyomwambia nesi mwema ambaye hatamwona tena.

Doris alikuwa katika chumba cha peke yake, barakoa usoni, macho yake makubwa yamerudiwa na mwanga. Siku ya kwanza Marietha aliporuhusiwa kuingia, alimshika mikono yote miwili.

"Wifi, kumbe wewe ni mfupi hivi," Doris alisema, na ule ucheko wa kwenye simu ukatoka, dhaifu lakini wenyewe. "Huyo mama Mwarabu amekuachilia vipi? Nilimwombea mabaya, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikilala kwa ile mashine ya kusafisha damu naomba, Mungu, mwonyeshe huyo mama."

Marietha alitabasamu kama alivyoagizwa. Akarudi siku ya pili, Doris akamsema tena yule mama. Siku ya tatu akawa anawasimulia manesi, kwa Kiingereza, jinsi mwajiri katili wa Dubai alivyotenganisha wapendanao. Nesi mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni. Marietha alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Akamwona Madam Arwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, macho mekundu. Akaiweka chupa mezani.

"Doris," alisema nesi alipotoka, "yule mama hana kosa. Pasipoti nilikuwa nayo mimi. Ruhusa sikuomba. Nilimdanganya Isaiah."

Doris hakuelewa mara moja. "Ulimdanganya kwa nini?"

"Nilitaka asije. Nilidhani akikosa wa kumwuguza ataahirisha."

"Kwa hiyo ulitaka asinipe."

"Nilitaka asipasuliwe. Baba yangu alipasuliwa akafa. Niliona upande huo tu, upande wa pili sikuutazama."

"Upande wa pili ndio mimi," Doris alisema.

Hakupaza sauti. Marietha alisimama palepale, akiwa tayari kutukanwa, na karibu akilitamani tusi lenyewe. Doris aligeukia dirisha. Chini kulikuwa na barabara ya magari na honi zisizokoma.

"Hata mimi nilimkataza," Doris alisema mwishowe. "Nilimwambia abaki na figo zake, aoe, azae. Nilimkataza mara tatu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilimwambia usoni." Alifuta jicho juu ya barakoa. "Ungeniambia, wifi. Tungelia wote wawili kwenye simu, na bado ungekuja. Si ungekuja?"

"Sijui," Marietha alisema. "Ningependa kusema ndiyo."

Doris alimgeukia. "Hilo angalau nimeliamini," alisema. "Nimiminie hiyo chai."

Isaiah alikuwa mlangoni. Alikuwa ametembea peke yake kutoka nyumba ya wageni, mara yake ya kwanza, na jasho lilikuwa limemlowesha shingo. Haikujulikana alisimama hapo tangu lini.

Alasiri ile walikaa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, nguo za wagonjwa zimeanikwa pande zote kama bendera.

"Nilikuambia unyamaze," Isaiah alisema.

"Nilishindwa. Madam Arwa alikuwa anaombewa mabaya hapa India, na mabaya yalikuwa yangu."

Isaiah aliangalia mikono yake. "Unajua nini kiliniuma? Si uongo. Siku ya kupasuliwa, wakiwa wananisukuma kwa kitanda, nesi aliniuliza nani yuko nje anasubiri, ili daktari akitoka amwambie. Nikasema hakuna. Akaandika *hakuna*. Halafu nikajituliza. Nikasema yuko, amefungwa tu. Nikaingia na amani. Baadaye nikajua hata ile amani ilikuwa ya bure."

Marietha aliinamisha uso kwenye kitenge chake akalia, na Isaiah hakumzuia. Hakumbembeleza, wala hakuondoka. Alipomaliza, Isaiah alimsogezea kikombe cha maji.

"Na mimi nilikuficha," alisema. "Nilipimwa nikakuambia ni mafua. Mwanamke unayetaka kumwoa humletei figo yako kama taarifa ya habari. Hiyo ni yangu. Haifuti yako, lakini ni yangu."

"Hazilingani."

"Hazilingani," alikubali. "Sitakudanganya kwamba imeisha, Mari. Kuna asubuhi nitaamka nikikuangalia nitakumbuka. Utaweza kukaa na mtu kama huyo?"

"Wewe utaweza kukaa na mtu kama mimi?"

"Nimejaribu kukuita dada wiki nzima," alisema Isaiah, na kona ya mdomo wake ikajikunja kwa mara ya kwanza. "Imenishinda. Ulimi unakataa. Desemba tulisema. Mimi bado nasema. Ila nina figo moja na kovu refu kama reli ya Voi, na pengine foklifti hawatanirudishia. Ukikubali, unakubali hivyo."

"Nakubali," Marietha alisema. "Lakini niulize tena ukipona. Usije ukanioa kwa homa."

Alimuuliza tena, Dubai, mwezi wa kumi, kwenye ngazi za Union, watu wakiwapita kulia na kushoto. Walikuwa wamemrudisha kazini, si kwenye foklifti, bali kaunta ya kupokea mizigo, nako alilalamika kwamba kukaa kunamchosha kuliko kubeba. Siku ya kwanza aliyopata nguvu alikwenda saluni kumwomba Madam Arwa radhi. Marietha alikwishaomba ya kwake, na zaidi ya mara moja. Madam Arwa aliwasikiliza, akasema, "Khalas, yameisha," kisha akatoa simu kuwaonyesha gauni jingine, zuri kuliko lile la pili.

Harusi ilifungwa Desemba, siku chache baada ya Doris kupewa ruhusa ya kurudi Kenya. Alishukia Dubai njiani, akakaa benchi la mbele na barakoa yake, mkono ukiwa ubavuni kama mwenye kulinda kitu cha kuazima. Pembeni yake alikaa Madam Arwa, buibui lake limetiwa udi, hajawahi kuingia kanisani maishani mwake, anatazama kila kitu kwa adabu.

Padri alimtamkia Marietha maneno, naye akayafuata vizuri, kwa sauti iliyofika hadi nyuma. Ahadi ya uaminifu, akaitamka. Taabu na raha, akazitamka. Padri akasema, "Katika magonjwa na afya."

Marietha akafungua mdomo, na neno halikutoka.

Kanisa lilingoja. Watu wakatabasamu, wakidhani ni haya ya bibi harusi. Wanawake wa nyuma wakaanza kunong'onezana kwa furaha. Padri akalirudia neno polepole, kama kumkumbusha, kumbe hakuwa amelisahau. Katika kanisa zima ni watu watatu tu waliojua kilichomkwama kooni, na mmoja wao alikuwa amemshika mikono.

Isaiah hakumnong'oneza, wala hakuibana mikono yake kumharakisha. Alisimama, akamtazama, akamsubiri. Alikuwa radhi, ilionekana wazi, kusubiri mpaka jioni.

"Katika magonjwa," Marietha alisema.